Faili moja linatosha mizani yetu Lamu, shida ilikua namna ya kuliunganisha

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako, na ukiona barua imekua ndefu kata unapotaka, ila tafadhali usiguse pale kwenye SMS manake ndo roho ya maneno yangu yote. Mimi ni karani wa mizani hapa Lamu, kazi yangu ni kupima samaki wakishushwa asubuhi na kuandika nani kaleta nini, kilo ngapi, kamuuzia nani. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa laptopu kuukuu niliyonunua Mombasa, kwa hivyo wataalamu wakiona nimeteleza mahali wanirekebishe, sitanuna.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba kila nikifungua kurasa za teknolojia naona akili unde, naona Nairobi, naona vijana wamepewa mamilioni, sawa, hongera zao, lakini huku kwetu kuna vikundi vya wavuvi, kuna madrasa, kuna maduka ya jumla, kuna nyumba za wageni, wote wanatafuta kitu kidogo tu cha kuwekea hesabu na wote wanapigwa hadithi ile ile, ati bila databesi kubwa (programu ya kuhifadhi na kutafutia rekodi) ya kukodi ng'ambo, ya kulipiwa kila mwezi kwa dola, hamuwezi. Sisi tuliambiwa hivyo hivyo na proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, tukaletewa. Bei sitaji, ila mweka hazina wetu aliisoma, akavua miwani akaifuta, akaisoma tena.

Nianze mwanzo. Kikundi chetu kilimtafuta fundi wa programu, kijana mpole, kazi anaijua, nasema hivyo mapema isije ikaonekana namsengenya. Akatutengenezea mfumo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, upande wa API (nitaieleza mbele) akatumia fremuwaki, yaani kiunzi kilicho tayari cha kujengea, inaitwa FastAPI, na databesi akaweka SQLite. Simu mbili ziko mizanini, moja anayo mweka hazina, kompyuta ya ofisini ndo seva, yaani ndo inayopokea maombi na kuyajibu, zote zinaongea kwa waifai ya ofisi, kwa hivyo hata intaneti ikipotea (na Lamu inapotea) sisi tunaendelea kupima. Hapo alitupatia kabisa na mpaka leo nampa maksi zake.

Kwa asiyeijua, SQLite si seva. Databesi zile nyingine ni programu nzima inakaa macho usiku na mchana ikingoja kuulizwa, ina mlango wake na jina la kuingilia na paswadi. Hii haina hayo yote. Ni maktaba ndogo ya kodi (si ya nyumba, ni maandishi ya programu), kwa kawaida hata megabaiti moja haijai, inaingia ndani ya programu yako mwenyewe na data yote inakaa kwenye faili moja unaloliona kwa macho kama unavyoona picha ya harusi kwenye laptopu. Ilianza mwaka 2000 huko Marekani, bwana mmoja anaitwa D. Richard Hipp alikua kwenye kazi ya programu za manowari ya jeshi lao la majini, na databesi waliyokua wakitumia ilikua ya seva, sasa seva ikilala programu nayo inakaa tu haiwezi kitu. Akajiuliza kwani programu haiwezi kusoma diski yenyewe bila mtu wa kati? (Sisi wavuvi habari ya mtu wa kati hatuhitaji kuelezwa.) Akaandika yake, akaiachia dunia bure kabisa, haina leseni ya kulipia, na wanaoitunza wamesema wanakusudia kuitunza mpaka mwaka 2050.

Imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Imo ndani ya Firefox na Chrome. Hata mesej zako za WhatsApp, simuni mwako zimekaa kwenye faili la SQLite. Python nayo inakuja nayo tumboni tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, huinstoli chochote, unaandika tu import sqlite3 na safari imeanza. Kwa ukubwa, faili moja linaweza kufika kama terabaiti 281. Letu baada ya msimu mzima wa kupima lilikua megabaiti 9.

Na API ni nini? Ni karani wa kaunta. Daftari liko nyuma ya kaunta na hakuna mvuvi wala tajiri anayeligusa, unamwambia karani unataka nini naye anakagua maneno yako, anaandika au anasoma, anakujibu. Simu ya mizanini inatuma ombi, chombo fulani, samaki changu kilo 14, FastAPI inalipokea, inalihakiki, inalipeleka SQLite, inarudisha jibu. Hii FastAPI ni kazi ya kijana wa Kolombia, Sebastián Ramírez, aliitoa 2018, na uzuri wake mmoja ni kwamba ukishaandika milango yako, yaani mahali pa kuingilia kila aina ya ombi, yeye mwenyewe anakutengenezea ukurasa wa kuijaribu, unaufungua kwa brauza unabonyeza unaona. Mimi nimejifunzia hapo hapo.

Mambo yalienda vizuri wakati wa kusi manake wakati wa kusi vyombo vinavyotoka ni vichache, bahari imechafuka, asubuhi nzima unapima watu wanane unakunywa chai. Halafu kaskazi ikaingia. Bahari shwari, vyombo vimerudi kwa pamoja, watu wamejaa, barafu inayeyuka, matajiri wanapiga kelele, na mimi nabonyeza hifadhi, duara linazunguka, linazunguka, halafu maandishi mekundu: database is locked, yaani databesi imefungwa. Nabonyeza tena, linazunguka. Mwenzangu wa mizani ya pili naye hivyo hivyo. Mzee mmoja amekaa juu ya tenga lake la tafi akaniuliza, "Yeo mashini yako imemnunia nani?" Tukarudi kwenye daftari la karatasi, na mimi aibu niliyoiona siku hiyo sitaisahau.

Fundi akaitwa. Akaja, akaangalia kama nusu saa, akasema SQLite haiwezi watu zaidi ya mmoja, hii ni ya kujifunzia wanafunzi, mkitaka kazi ya kweli kodini databesi kubwa ya mtandaoni. Hapo ndo ikatoka ile proforma. Akapanda boti kwenda Mokowe kuwahi basi, na haraka hiyo akasahau chaja ya laptopu yake mezani kwetu.

Usiku nikafungua kodi yake nikaanza kusoma mstari kwa mstari, na hapa ndo pale nilipokwambia Mhariri usikate. Mlango wa kupokea samaki ulikua unafanya mambo matatu kwa mfuatano huu: kwanza unaandika rekodi ya kilo kwenye databesi, pili unamtumia mvuvi SMS ya kumwambia amepimiwa kiasi gani, tatu unasema commit, yaani hakika, funga maandishi. Ukiangalia haraka huoni kosa. Lakini SQLite ina kalamu moja. Wasomaji hata mia wanaweza kuchungulia daftari, mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja, na ile sqlite3 ya Python ukishasema INSERT (ingiza) tu inakufungulia transaksheni, yaani fungu la maandishi linaloingia lote au lisiingie kabisa, yenyewe bila kukuuliza, kalamu imeingia mkononi mwako na haitoki mpaka useme commit au ughairi. Sasa kalamu moja si tatizo hata kidogo, kuandika mstari mmoja ni milisekunde chache, watu ishirini wangepokezana na hakuna ambaye angejua. Tatizo ni yule aliyeandika nusu ya mstari halafu akatoka nje na kalamu mfukoni kwenda kupiga simu. Manake SMS inapita kwenye intaneti, inaenda kwa kampuni ya mesej, inarudi na jibu, na kwa intaneti yetu mara sekunde mbili, mara kumi na mbili. Muda wote huo kalamu iko mfukoni. Na wengine wanaosubiri, Python imewapangia kungoja sekunde 5 tu, zikiisha wanatupa mikono juu wanasema locked.

Wakati wa kusi haikuonekana kwa sababu watu wanane asubuhi nzima hawagongani. Kwa hivyo si kwamba SQLite ilishindwa na watu wengi, ilikua inasubiri SMS.

Dawa ningeipata usiku ule ule kama si ujuaji wangu. Nikajiambia, kama ugomvi ni wa koneksheni nyingi, yaani njia za programu kulifikia faili, kugombea kalamu, bas niweke koneksheni moja tu, niifungue programu inapowaka na kila ombi liitumie hiyo hiyo. Python ikanikatalia palepale, ikasema kitu cha SQLite kilichotengenezwa kwenye thredi moja (uzi mmoja wa kazi ndani ya programu) kitumiwe kwenye thredi hiyo hiyo, na FastAPI funksheni za kawaida inazigawa kwenye thredi nyingi. Nikatafuta nikaona kuna kiswichi kinaitwa check_same_thread, ukikiweka False inanyamaza. Nikakizima. Ikanyamaza kweli. Siku mbili hakuna locked, nikatembea Langoni kama bwana harusi.

Siku ya tatu mweka hazina akaniita. Kuna mauzo yameandikwa nusu, kilo zipo lakini mnunuzi hayupo, na kuna mzee kapimiwa kolekole mbele ya macho yangu na rekodi haipo kabisa. Nikakaa nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kumbe koneksheni ikiwa moja basi transaksheni nayo ni moja, watu wawili wanaandika ndani yake kwa wakati mmoja bila kujuana, mimi nikisema commit namfungia na mwenzangu ambaye hajamaliza, na mwenzangu akipata eror akaghairi anafuta na ya kwangu. Ile locked ya mwanzo angalau ilikua inapiga kelele. Hii ilikua inaiba kimyakimya, na nimeitia mimi.

Nikarudi kwenye mpango wa fundi, kila ombi lifungue koneksheni yake na likimaliza liifunge, FastAPI ina njia nzuri ya hiyo, unaandika funksheni ndogo yenye yield, juu yake unafungua, chini yake unafunga, hata ombi likianguka katikati kufunga kutafanyika. Cha kuchekesha ni kwamba kile kiswichi cha check_same_thread bado inabidi ukizime, manake FastAPI inaweza kufungua koneksheni kwenye thredi moja na kuitumia kwenye nyingine ndani ya ombi lile lile, ila sasa hakuna hatari kwa sababu hakuna watu wawili wanaoishika pamoja. Kwa hivyo ukikuta mtu anakwambia hicho kiswichi ni kibaya, au ni kizuri, muulize kwanza koneksheni inatumiwa na nani.

SMS nayo nikaitoa kabisa kwenye mlango wa mizani. Sasa mlango unaandika kilo na kwenye transaksheni hiyo hiyo unaandika mstari mwingine kwenye jedwali la mesej, kwamba fulani anadaiwa SMS, halafu commit, kalamu mezani, kwaheri. Programu nyingine ndogo pembeni inapita kila baada ya sekunde chache, inasoma zile ambazo hazijatumwa, inatuma, halafu inaweka alama. Intaneti ikipotea saa mbili mesej zinasubiri, kilo zinaendelea kuingia, na mvuvi akipata yake jioni hajapungukiwa kitu.

Kisha kuna kitu kinaitwa WAL, SQLite inacho tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, na sijui kwa nini fundi hakukiwasha. Kwa hali ya zamani, mweka hazina akifungua ripoti yake ndefu ya mwezi, muda anaosoma mwandishi hawezi kukamilisha commit, anangoja amalize. Ukiwasha WAL, maandishi mapya yanaenda kwanza kwenye faili la pembeni, kwa hivyo msomaji anasoma na mwandishi anaandika bila kusukumana. Waandishi wawili kwa pamoja bado hapana, kalamu ni moja tu. Unaiwasha mara moja na faili linakumbuka lenyewe. Lakini muda wa kungoja na ukaguzi wa mahusiano ya majedwali hayakumbukwi, hayo lazima uyaseme kila unapofungua koneksheni, na huo ukaguzi kwa kawaida umezimwa, mimi niligundua nilipokuta kilo 30 za nguru zimeandikwa kwa chombo namba 0 ambacho hakuna bahari kilipo.

Nimalize hili la uandishi kwa kisa kidogo ambacho wenzetu wa lugha nyingine hawakioni haraka. Kuna mashua hapa inaitwa Kung'aa. Kila ikipimiwa, programu inaanguka. Nyingine zote sawa, Kung'aa inaanguka. Vijana wakaanza kusema ina kitu. Wallahi wengine walikua wamesadiki. Kumbe mahali pamoja fundi alikua anaunganisha jina moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiagiza databesi, na SQL inatumia kile kialama cha juu kufungia maneno, kwa hivyo ikifika kwenye ng' inadhani jina limeishia hapo na aa iliyobaki haijui ni nini. Dawa yake ni kuweka alama ya kuuliza mahali pa jina na kulipeleka jina pembeni, SQLite inajua yenyewe kwamba hili ni jina si amri. Na si habari ya mashua tu, ndo mlango huo huo ambao mtu mbaya anaweza kuandika amri ya kufuta majedwali mahali pa jina lake. Lugha yetu imejaa ng'ombe na ng'ambo na ming'oko, kwa hivyo mwenye kuandika programu za Kiswahili bila alama ya kuuliza atakamatwa tu.

Makosa yangu mengine nitayapitia haraka haraka. Asubuhi moja niliwasha programu nikiwa kwenye folda nyingine, na njia ya faili ilikua imeandikwa kwa ufupi, mizani.db tu. SQLite isipolikuta faili hailalamiki, inaunda jipya, tupu, na kwa kuwa programu yetu ikiwaka inatengeneza majedwali kama hayapo, kila kitu kikaonekana kizima ila wavuvi wote wamefutika. Nililia kwa ndani kama robo saa kabla sijaona kuna mizani.db mbili. Sasa njia nimeandika nzima kuanzia mzizi wa diski. Jengine, mtu mmoja mizanini aliandika neno "kumi" mahali pa kilo, na SQLite ikalipokea, manake nguzo ya namba haikatazi maandishi usipotengeneza jedwali kwa neno STRICT, ambalo limekuja na toleo la 3.37 mwaka 2021. Kwenye jumla hio kumi ikahesabiwa sifuri. Fundi alikua amesahau kutaja aina ya kilo kwenye mlango ule, nilipoitaja kwamba ni namba, FastAPI yenyewe ikaanza kurudisha jibu la 422, kwamba sikuelewi, kabla hata daftari halijaguswa.

Bakapu ndo iliyoniuma zaidi. Kila jioni nilikua nakopi mizani.db kwenye flashi naipeleka nyumbani, nimetulia roho. Siku nilipoijaribu nikakuta rekodi za mchana hazimo. Kumbe ukishawasha WAL, maandishi ya karibuni yako kwenye lile faili la pembeni lenye jina linaloishia na -wal, na mimi nimebeba daftari nikaacha karatasi zake mezani. Kukopi faili wakati programu inaandika nako ni bahati nasibu. Amri ya VACUUM INTO inakutengenezea kopi nzima iliyotulia hata kama kazi inaendelea, sasa natumia hiyo, na flashi ni mbili, moja kwangu na moja kwa mweka hazina. Stima zikikatika hapo sina wasiwasi sana, SQLite imejengwa kwamba transaksheni iwe imeingia yote au haikuingia kabisa, nikiwasha inajisafisha yenyewe. Nimeona ushauri wa kupunguza ile seting ya synchronous, ya kuhakikisha maandishi yamefika diskini kweli, ili iende kasi, mimi nimeiacha FULL kama ilivyokuja, hizi ni pesa za watu.

Sasa kuna atakayesema si uweke yote mtandaoni kwenye zile seva za bure. Rafiki yangu wa Malindi mwenye nyumba ya wageni alifanya hivyo, API na faili la SQLite pamoja, kwenye kampuni ya nje inayokupa nafasi bila malipo. Ikaenda vizuri wiki nzima, halafu seva yao ikajiwasha upya na buking zote za Krismasi zikapotea, wageni wanateremka na mabegi na jina halipo popote. Si wizi, ndo tabia ya seva za namna hio, diski yake ni ya muda, ikiwashwa upya unapewa mpya, na mahali fulani kwenye maelezo yao imeandikwa. SQLite inataka diski inayobaki. Wala usiliweke faili kwenye folda ya kushea ili kila kompyuta ilifungue yenyewe, kufuli za mafaili kwenye mtandao hazitegemeki na hiyo WAL haifanyi kazi kabisa hivyo. Faili likae kwenye mashini ile ile ya API, wengine wote wapite kwa karani.

Nisionekane nimeoa SQLite. Kama una matawi kumi yanaandika kwa wakati mmoja mfululizo, au seva tatu zinazotakiwa kuona data moja, kalamu moja itakuchelewesha, nenda PostgreSQL, moja ya zile databesi za seva. Lakini jamani PostgreSQL nayo ni bure! Kinacholipiwa ni kukodi mashini na mtu wa kuitunza, na hilo ndo swali ambalo kikundi kinatakiwa kumuuliza fundi, nalipia nini hasa. Sisi mizani mbili na simu tatu, maombi hata mia tatu asubuhi nzima hayafiki. Kukodi vile kungemaanisha pia intaneti ikikatika hatupimi, yaani tungelipa dola ili tusimame.

Jambo moja nawaomba makarani wenzangu wa Faza, Kizingitini na kwingine wasilidharau. Kwenye faili hilo kuna namba za simu za watu, na mapato yao. SQLite ya kawaida haifungi faili kwa siri, aliyelipata kwenye flashi amelisoma lote, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Flashi yangu nimeifunga kwa paswadi, laptopu hivyo hivyo, na API haimjibu kila aliyeingia kwenye waifai ya ofisi, lazima awe na ufunguo wake. Hili fundi hakuliweka na mimi nilichelewa kuliona.

Kamati ilikaa baada ya sala ya Ijumaa. Nikaeleza habari ya kalamu mfukoni, na yule mzee wa tafi, ambaye simu yake mwenyewe ni ya vitufe, akasema hilo ni jambo la kalamu basi, wanunue databesi ya nini. Proforma haikupitishwa. Tangu hapo tumemaliza kaskazi na ile locked sijaiona tena, na siku ya vyombo vingi kuliko zote duara halikuzunguka hata mara moja.

Mhariri, kama yule fundi ni msomaji wenu, namba yake haipatikani tena kwetu, mwambieni hatuna kinyongo naye. Mfumo ni wake, mimi nimehamisha mistari michache tu. Na chaja yake ipo ofisini, droo ya pili, aje aichukue au amtume mtu wa boti.

Karani wa mizani,
Langoni, Lamu